Waliohama na Waliohamishwa

Kazi yangu haina jina linaloeleweka upesi kwa Kiswahili. Kwenye mkataba nimeandikwa meneja wa bidhaa, na ndugu zangu wa Butiama wakisikia hivyo huniuliza duka liko wapi. Bidhaa yenyewe ni huduma ya malipo kwa simu. Siandiki programu, sichori kurasa, wala siuzi. Kazi yangu ni kuamua, pamoja na wenzangu, tatizo la nani litatuliwe kwanza na lipi lisubiri. Kisha kuchagua namba itakayotuambia kama tumefaulu.

Namba hiyo ndiyo yenye hatari.

Sisi wa kazi hii hupenda kusimulia habari ya M-Pesa. Majaribio yalipoanza Kenya mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walilenga jambo dogo: wateja wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi, wangeweza kuhesabu marejesho na kufunga daftari. Lakini wateja walifanya yao. Walitumiana fedha. Wengine waliweka hela kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa walikofika. Wasimamizi wakawafuata wateja. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na ahadi ilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Mwaka jana kampuni yetu ilielekea upande mwingine. Lengo lilikuwa kuwahamishia wateja wote kwenye programu ya simu janja, kisha kuifunga menyu ya kitochi, ile ya kubonyeza nyota na reli. Hoja ya wahasibu haikuwa ya kijinga, maana kila mteja anapoifungua menyu hiyo sisi tunalipa. Kipimo kikawa kimoja: asilimia ya waliohamishwa.

Nilikwenda nacho likizo. Nyumbani kwa mama mdogo si mbali na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Nilimweleza jambo hilo jioni moja tukichambua maharage.

“Na asiyetaka kuhama?” akauliza.

“Atafungiwa, mama.”

“Kumbe ni Operesheni.”

Alikuwa mtoto familia yao ilipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Kesho yake nilipanda Mwitongo, nikakaa kwenye kivuli cha mawe makubwa nikilifikiria neno lake. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, Mwalimu alitaka watu waingie vijijini kwa hiari. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi na wengine, bali hujiendeleza. Kisha Novemba 1973 ikatoka amri: hadi mwisho wa 1976 wote wawe wanaishi vijijini. Walioitekeleza walikuwa na kipimo rahisi, watu waliokwisha kuhamia. Umbali wa kwenda shambani hauonekani kwenye hesabu ya namna hiyo.

Mama mdogo hasimulii upande mmoja. “Shule niliipata kule,” aliniambia. “Ila mihogo yetu ililiwa na nguruwe.” Yote mawili ni kweli, na hesabu ya vichwa haisemi hata moja.

Niliporudi kazini niliandika ukurasa mmoja. Menyu ya kitochi ibaki. Tupime wateja wanaokamilisha malipo wenyewe, kwa njia yoyote, bila kumpa mtu mwingine simu na namba yao ya siri. Anayetaka programu afundishwe na wakala wake. Mkuu wangu aliuliza gharama, nikamtajia, si ndogo. Akauliza tutaacha nini ili kuilipia. Nikataja kazi mbili ambazo timu yangu ilikuwa imezipenda sana, na wawili kati yao hawakunisemesha siku nzima.

Tumepewa hadi Juni. Menyu inaweza kufungwa bado.

Kwa sasa jedwali letu la kila wiki lina safu mbili, waliohama na waliobaki. Mwenzetu mmoja alipendekeza safu ya pili iitwe “waliochelewa”. Nilikataa.