Zidaka za Lamu

Basi la kutoka Mombasa linaishia Mokowe. Abiria hushuka na mizigo yao, hupanda boti, na baada ya muda mfupi mji wa Lamu unaonekana umejipanga ufukweni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Nilikwenda kwa ajili ya washairi. Tenzi za visiwa vile zimenilea, nami nilitaka kuona nyumba zilimotungwa.

Nyuma ya forodha vichochoro ni vyembamba, na punda wakipita na mizigo ya mchanga sharti uwapishe. Kuta ni tupu, za matumbawe na chokaa, na madirisha yako juu. Pambo ni mlango wa nakshi tu, na mbele yake daka lenye baraza za mawe za kupokelea wageni. Mpita njia haambiwi zaidi ya hapo.

Mama wa rafiki yangu alinikaribisha kwake. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Ndoo, pita ndani."

Tukavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, tukapita msana wa tini, ukumbi wa kwanza, kisha msana wa yuu, ukumbi wa pili. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari: mita 3 hivi, au pungufu. Kila chumba sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Ndipo nikaziona zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi za chokaa. Nilisogea karibu. Ukingoni mwa kidaka kimoja ua lilikuwa limelala upande kuliko wenzake, na njia ya kisu cha fundi bado inasomeka. Mwenyeji wangu alikuwa amepanga humo sahani za kauri na msahafu.

Hapo utenzi wa Al-Inkishafi ukanifungukia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiwalilia matajiri wa Pate, anazitaja zidaka zilizokuwa zimejaa vyombo, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Asiyewahi kuziona hudhani ni pambo la ushairi. Kumbe mshairi ameingia hadi chumba ambacho mgeni wa barazani hakifikii, akatuonyesha msiba wa mji kuanzia huko. Mwana Kupona naye, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alikuwa mgonjwa akimuusia mwanawe. Yalikuwa maneno ya chumbani kabla hayajawa ya madarasani.

Kwa hiyo naamini wanaoutafuta Uswahili milangoni wanaishia njiani. Mlango ni wa kuonwa na majirani. Fundi wa zidaka na mshairi waliweka kilicho bora kabisa nyuma ya kuta tupu, kwa ajili ya watu wa nyumbani.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini mlinzi wa kila siku wa nakshi hizi ni mwenye nyumba. Dari ikivuja, zinamomonyoka. Ukuta ukipigwa saruji, unyevu unafungiwa ndani ya matumbawe na chokaa ya zamani inabanduka vipande vipande. Nawaomba basi wenye nyumba za mawe, wa Lamu, Pate, Siyu, hata Unguja: mwiteni fundi wa chokaa kabla hamjanunua mfuko wa saruji.