Shura ya Fedha Zetu



Mkutano wa Februari wa kutoa maoni juu ya fedha za kaunti ulifanyika wadini kwetu siku ya kazi, saa ya kupika. Katika ukumbi ule akina mama tulikuwa watano tu. Zahanati yetu hufungwa jioni, na mja mzito anaposhikwa na uchungu usiku hutafutiwa tuktuk. Hata hivyo, orodha iliyosomwa ilianza na uwanja wa mpira na lango la soko. Waliokuwapo waliomba wanayoyajua. Uchungu wa usiku wanaujua waliobaki nyumbani.

Kusikilizwa si hisani ya kiongozi. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake, na kifungu cha 201 kinataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa ushiriki wao. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo imeweka nyakati: mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayeamka Julai hukuta chungu kimeshaepuliwa.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura. Na pale Hudaibiya, Masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe, Bi Ummu Salama, akamweleza yaliyompata. Bibi yule alitoa shauri, Mtume akalifuata, na watu wakamfuata.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile sisi watano tuliandika ombi moja: mkunga wa zamu ya usiku na taa katika zahanati. Tulitia sahihi, asiyejua kuandika akatia dole gumba, na nakala yetu ikapigwa muhuri. Jibu halijafika. Lakini nakala tunayo, na makadirio yatakaposomwa Aprili tutakwenda nayo, tuulize mstari wetu uko wapi. Dada, acha chungu kwa jirani saa mbili, uje ukae nasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi waaminifu, nasi atupe ndimi za kusema haki. Amin.