Kutoka barabara ya Sake hadi ziwani: mashine ya mtumba ilivyotutembeza Himbi



Juma hili hatuwapeleki mbali. Tunawapeleka Himbi, mtaa wetu, kuanzia barabara kubwa iendayo Sake hadi pale chini tunapochota maji ziwani. Ni mwendo mfupi, lakini Jumamosi iliyopita ulitumalizia asubuhi nzima, maana tulisimama kwenye kila kibanda cha kinyozi tulichokikuta njiani. Tulikuwa wanne. Na kilichotutoa nyumbani kilikuwa aibu yetu wenyewe.

Wengi wenu mnaijua. Kabla ya shule kufunguliwa, likelemba yetu ilinunua mashine ya kunyolea ya mtumba kule Birere. Tangu benki zifungwe hapa Goma mwanzoni mwa 2025, franga ya kushika mkononi imekuwa ngumu, na shule inataka mvulana aje amenyolewa. Kwa kinyozi ni 1000 franga kichwa kimoja. Nyumba yenye wavulana wanne inahesabu mara mbili kabla ya kuwatuma. Tukasema mashine moja, nyumba saba, shida imekwisha. Muuzaji aliipuliza, akaifuta kwa shati lake, akaichomeka kwenye umeme, ikalia vizuri. Hatukuuliza kingine. Jumapili ileile tuliwapanga watoto 16 kwenye benchi uani, tukawanyoa mmoja baada ya mwingine, huku tukicheka na kusifu kazi yetu.

Juma la tatu, sisi tunaofundisha tuliyaona darasani hata kabla ya mama zao: mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika, magamba meupe. Mapunye. Watoto tisa kati ya wale 16. Mmoja alikuwa haachi kofia yake, nasi tukamwamuru aivue mbele ya wenzake, tukidhani ni utundu. Darasa lilicheka. Hilo mpaka leo linatuuma kuliko pesa.

Basi tulianza juu, barabarani, pikipiki zikipita na vumbi jeusi likituingia puani. Himbi mnaijua: kuta ndefu za mawe ya volkano, nyuma yake majumba na bustani zinazoshuka hadi ziwani, na mbele ya kuta hizohizo, vibanda vya mbao vya watu wanaohangaikia chakula cha leo. Asubuhi ile anga lilikuwa safi na Nyiragongo ilionekana yote, na moshi wake juu.

Kinyozi wa kwanza, kijana mpole, alitupokea vizuri. "Karibuni wamama, nani ananyolewa?" Tulipomwambia tumekuja kuuliza tu, hakukasirika. Alituonyesha lile sanduku lenye taa ya buluu, mashine mbili ndani yake, na kusema taa inaua kila kitu. Tukamwomba atoe moja. Kati ya meno yake kulikuwa na nywele za mteja wa jana. Taa ya namna hiyo hufanya kazi pale tu mwanga unapogusa. Chini ya unywele, chini ya uchafu na upande wa nyuma, haifiki. Kijana aliitazama mashine yake muda mrefu, kisha akaenda kutafuta mswaki.

Wa pili anamwagia alkoli na kuwasha kiberiti. Moto unaruka, mteja anafurahi, na kwa kweli inapendeza kutazama. Lakini ni moto wa kupita: unaunguza juu na kuacha kilichojificha ndani. Tena alkoli karibu na mashine iliyochomekwa, ndani ya kibanda cha mbao! Hapo hatukukaa sana.

Wa tatu alikuwa mzee, na kwake tulijifunza mengi. Papa huyu ana beseni tatu: ya sabuni, ya javeli, ya maji safi. Wembe wake ni mpya kwa kila mteja, anaufungua karatasi mbele ya macho yako, na wa zamani anautupa ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko ili watoto wasiuokote jalalani. Tulimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema wateja wanaogopa Sida peke yake, wakati virusi vya Sida ni dhaifu vikitoka nje ya mwili. Yeye anaogopa zaidi ugonjwa wa ini, hepatiti B. Ana haki. Virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, ndani ya damu iliyokauka, kidogo hivi kwamba jicho haliioni. Watoto wetu wadogo wanapata chanjo yake wanapopelekwa kupimwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Baba zao wengi hawakuipata utotoni, nao ndio wanaonyolewa ndevu kila juma. Na mwaka 2024, ndui ya nyani ilipoingia hata kambini pembeni ya mji, na OMS ikatangaza hatari ya dunia tarehe 14 Agosti, mzee huyu aliacha kutumia taulo moja kwa watu wawili. Hajairudia.

Ukutani kwake kulikuwa na mashine ya wembe ya zamani, ya chuma kizito, na brashi ya manyoya, vyote kutoka kwenye mzigo wa mtumba wa Ulaya. Ile ya chuma anaitumia: aliifungua vipande, akaisugua kwa mswaki na sabuni, akailoweka, na wembe wake ni mpya daima. Brashi ameiacha iwe pambo. Manyoya yanashika uchafu ndani kabisa, na ukiyachemsha yanaharibika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa manyoya ya wanyama wagonjwa. Ndiyo, kimeta hichohicho kilichowaua viboko katika hifadhi ya Virunga mwezi wa nne 2025. Brashi mpya ya plastiki, au vidole na sabuni, inatosha.

Tukaendelea kushuka. Mama mzee mwenzetu alikumbuka kijijini kwao, msiba ukitokea, ukoo mzima ulinyolewa kwa wembe mmoja, kichwa hadi kichwa, kama alama ya kuomboleza pamoja. Anasema alipoulizia wembe wa pili, shangazi zake walimwambia anagawanya ukoo. Sasa yeye ndiye shangazi, na akienda msibani anabeba pakiti nzima ya nyembe ndani ya kitenge. Hakuna aliyemkatalia.

Ziwani tulikuta bidoni za njano zimepangwa, na vijana wa klori wanaodunga dawa ndani ya kila bidoni kwa bomba la sindano, kwa ajili ya kipindupindu. Hapo tulikaa juu ya mawe kupumzika, na mmoja wetu akasema neno lililotunyamazisha: mambo haya tulikuwa tunayajua. Kipindupindu kimetufundisha klori. Ebola ilipofika Goma Julai 2019 tulinawa maji ya klori kila mlango, kanisani, sokoni, shuleni. Kisha tukachukua mashine iliyopita kwenye vichwa vya watu tusiowajua, tukaiweka juu ya watoto wetu bila hata sabuni.

Jioni tuliifungua ile mashine. Tuliichomoa kwenye umeme kwanza. Kichwa chake cha chuma kinatoka kwa skrubu mbili. Chini yake kulikuwa na nywele za rangi tatu na nta nyeusi ambayo hatutaieleza zaidi. Tulisugua kwa mswaki, maji ya moto na sabuni mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu javeli juu ya uchafu ni javeli iliyotupwa. Halafu tukachanganya: chupa yetu imeandikwa asilimia 5, kwa hiyo kikombe 1 cha javeli na vikombe 9 vya maji. Meno ya chuma na vile vichana vya plastiki vikalala humo dakika 10, si zaidi, maana javeli inakula chuma. Tukasuuza, tukakausha vizuri, tukadondosha mafuta ya cherehani. Mwili wa mashine, wenye mota, hauzamishwi majini kamwe. Tuliufuta kwa kitambaa chenye alkoli ya asilimia 70 tukaacha ukauke kabisa kabla ya kuuchomeka. Javeli msiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, moshi wake unaumiza mapafu.

Tulifanya hivyo mara moja. Sasa inafanyika baada ya kila kichwa, na hiyo ndiyo inayochosha: nusu saa kwa mtoto mmoja. Wamama wawili wameshasema ni afadhali kulipa 1000. Hatuwalaumu, ila waangalie ni kinyozi gani.

Wale tisa wamepelekwa kituo cha afya. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Yanataka vidonge, majuma 6 hadi 8, na kuviacha katikati ni kuanza upya. Mama mmoja alikuwa amempaka mwanawe petroli, ngozi ikaungua. Tafadhali, msifanye hivyo. Likelemba imekubali kulipia dawa za watoto wote tisa, kwa hiyo aliyekuwa apokee mwezi huu atangoja mwezi ujao. Ametukubalia, ingawa alikuwa na mpango wa pesa ile.

Mtoto wa kofia tulimwomba msamaha mbele ya darasa lilelile. Nywele zimeanza kuota upande wa kushoto, na anawaonyesha wenzake.

Jumamosi ijayo ni zamu ya nyumba ya tatu na ya nne. Javeli ipo, anayekuja alete mswaki wa zamani na taulo la mtoto wake.