Cumbria: Nchi ya maziwa ambako kondoo anakujua kwao

Anayeijua Uingereza kwa msongamano wa London peke yake, bado hajaiona. Mwendo wa takriban saa tatu kwa treni, kuelekea kaskazini, humfikisha msafiri Oxenholme. Hapo hubadilisha treni, na baada ya muda mfupi huwa yuko Windermere, mlango wa nchi ya maziwa na milima katika jimbo la Cumbria.

Windermere ndilo ziwa refu kuliko yote katika England, kilomita 17 hivi. Mlima Scafell Pike nao, wenye mita 978, hauna mpinzani humo. Usiudharau, msomaji. Ukungu hushuka ghafla hadi njia isionekane, na mvua huko haibishi hodi. Beba koti na viatu imara.

Wageni wengi hupiga picha za maziwa wakaenda zao. Lakini tazama pia vile vilima visivyo na msitu, na kuta ndefu za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mandhari hayo hayakujileta. Ni kazi ya wafugaji na kondoo wao kwa mamia ya miaka, na ndiyo sababu moja iliyofanya UNESCO kuliweka eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2017.

Kondoo wa huko huitwa Herdwick. Huzaliwa mweusi, kisha akikua uso huwa mweupe na manyoya ya kijivu. Ajabu yake ni kwamba malishoni, juu kabisa ya milima, hakuna ua wala mchungaji wa kutwa, na bado hapotei. Mwanakondoo humfuata mamake, akajifunza mahali pa kula, pa kujikinga upepo na pa kuishia. Naye akizaa, huwafunza wanawe vivyo hivyo.

Mwaka wa 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka Uingereza, Cumbria ndiyo iliyoumia zaidi. Mifugo iliuawa kwa wingi ili kuuzuia usienee. Hasara haikuwa ya nyama na manyoya tu. Kondoo wageni wangeletwa, nani angewafunza mipaka?

Mwandishi wa vitabu vya watoto, Beatrix Potter, aliliona jambo hili mapema. Alipofariki mwaka wa 1943 aliliachia shirika la National Trust zaidi ya ekari 4,000, na kuagiza kondoo wa Herdwick waendelee kufugwa katika mashamba yake ya milimani.

Leo hofu imehamia kwa wanadamu. Matajiri wa mijini hununua nyumba za kupumzikia likizoni, bei zikapanda, na vijana wazaliwa wa huko wakashindwa kupata pa kuishi. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Huko mgeni huleta pesa na kazi, lakini akija kununua kila nyumba, mwenyeji haponi.

Basi ukijaliwa kuzuru Cumbria, lala na ule kwa wenyeji, funga kila lango ulilolifungua, na usiwakimbize kondoo. Wao wako kwao. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mwana wa mfugaji naye atabaki na kwao.