Fedha ya Kaya na Deni la Simu

Dongobesh, Alhamisi 14 Novemba 2024

Ruzuku za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zimeingia kwenye simu. Bibi wa kitongoji cha juu amekuja ofisini kwetu, pa msaada wa kisheria, asubuhi na mapema akiwa na mjukuu wake. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo walizungumza wao kwa wao kwa Kiiraqw, kisha kijana akanieleza. Kaya yao ilikuwa ipokee 44,000 za miezi miwili. Ujumbe wa kwanza unasema fedha imepokelewa, jina la mtumaji lipo. Ujumbe wa pili, dakika ileile, unasema 19,400 zimekatwa kulipia deni. Zimebaki 24,600.

Bibi aliniuliza swali moja, na hilo alilisema mwenyewe kwa Kiswahili: "Mwalimu, nani alinikopesha?"

Hakukopeshwa yeye. Laini ni ya kijana, aliyeandikishwa kupokea kwa niaba yake. Bibi hana namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, na bila namba hiyo na alama za vidole laini haisajiliwi. Mwezi wa tisa mama yake kijana alizidiwa usiku wakampeleka Haydom kwa bodaboda. Salio halikutosha kumlipa dereva. Simu ikauliza kama anataka kuazimwa ili muamala ukamilike, akabonyeza moja. Nani asingebonyeza? Mama alifika hospitali, akatibiwa, yuko nyumbani anapalilia. Baada ya hapo deni likaanza kuota ada, siku kwa siku, na hakuna aliyekuwa analiangalia.

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nimemwambia mbele ya bibi yake kwamba hakuiba. Nilitaka bibi alisikie hilo.

Ijumaa 15 Novemba

Jana usiku nilifungua Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48. Hata mtu akishindwa kesi, hata dalali wa mahakama akija na amri mkononi, kuna vitu havigusi: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za kazi. Sufuria ya bibi inalindwa na sheria. Unga wa kuingia kwenye sufuria hiyo umechukuliwa bila kesi, bila hakimu, bila hata mtu kugonga mlango.

Mbulu mjini, Jumanne 19 Novemba

Nimezunguka na suala hili siku nzima. Ofisa mmoja wa TASAF alinipokea vizuri, akaniambia wao hutuma fedha kamili, na ikishaingia kwenye laini ya mlengwa imetoka mikononi mwao. Wakala wa fedha karibu na stendi alinijibu kwa upole pia: "Mzee wangu, mfumo haujui hii ni fedha ya nini. Ukiona salio, unakata."

Hilo la mfumo kutojua silikubali. Ujumbe wa kwanza wa bibi ulikuwa na jina la mtumaji. Malipo ya TASAF hayatumwi na shangazi kutoka Babati. Hutoka kwenye akaunti maalumu ya malipo ya pamoja, yenye namba yake, kwenda kwa maelfu ya watu kwa mkupuo. Mashine iliyoweza kuandika jina la mtumaji inaweza pia kuamriwa kwamba fedha yenye jina hilo isikatwe. Huo ni uamuzi wa watu waliopanga mfumo, na watu wanaweza kuupanga upya.

Njiani kurudi nimefikiria mshahara wangu wa zamani. Miaka yote niliyofundisha nilikopa kama walimu wote: bati, ada, msiba. Lakini mwajiri alikuwa na kikomo. Makato yote yakijumlishwa, mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wake. Benki ilikuwa inajua hivyo kabla haijanipa hata shilingi. Mimi niliyekuwa na mshahara, nyumba na bima nililindwa nisitoke mikono mitupu. Bibi, aliyeingizwa kwenye mpango kwa sababu mkutano wa kijiji ulimtaja kuwa miongoni mwa maskini kuliko wote, hana kikomo chochote. Deni lingekuwa 44,000, zingeondoka zote 44,000.

Hapo ndipo ninapochomwa.

Dongobesh, Alhamisi 28 Novemba

Jana tumepiga kura za serikali za mitaa. Leo foleni ya watu ofisini ni ndogo, nimepata nafasi ya kuandika.

Mwezi huu Benki Kuu imetaja programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila leseni. Ni jambo jema. Mikopo ya kausha damu imeumiza watu wengi, na hao wanaotuma picha ya mdaiwa kwa ndugu zake wote wanastahili kufungiwa. Lakini deni la bibi halimo katika orodha hiyo. Limetoka kwenye huduma halali, ya mtandao halali, yenye vigezo na masharti ambayo kijana aliyakubali saa nane usiku mgonjwa akiwa juu ya pikipiki. Tunapowinda wasio na leseni tusisahau kuwauliza wenye leseni.

Nakumbuka makato ya aina nyingine, ya miaka ya malipo taslimu. Walengwa walikuwa wakipanga mstari kupokea, na pembeni ya meza ya mlipaji palikuwa na meza nyingine: mchango wa maabara, wa bima ya afya ya CHF, wa mwenge. Watu walilalamika mpaka ikabidi isemwe hadharani kwamba ruzuku hukabidhiwa kamili mkononi mwa mlengwa, mchango baadaye na kwa hiari yake. Malipo ya simu yaliletwa pia ili meza ile ya pembeni iondoke. Imeondoka kiwanjani ikahamia ndani ya simu, na huko hakuna mwenyekiti wa kijiji wa kumkemea.

Katesh, Jumanne 3 Desemba

Mwaka mmoja tangu tope la Mlima Hanang lishuke. Watu 89 walikufa. Nimehudhuria sala kisha nikakaa na mama mmoja muuza mboga ambaye duka lake lilifukiwa lote.

Nilimweleza kilichonileta. Akaniambia yake. Jumatatu ile baada ya tope, kaka yake aliye Arusha alimtumia fedha ya sanda na chakula cha waombolezaji. Siku chache kabla alikuwa ameazima kwenye simu ili alipie mzigo wa nyanya. Nyanya zilikuwa chini ya matope. Fedha ya kaka ilipoingia, deni la nyanya lilijilipa lenyewe kwanza. "Sikuwa na nguvu ya kugombana na simu," alisema.

Kwa hiyo si TASAF peke yake. Kuna fedha ya njaa, ya msiba, ya maafa, na sheria yetu haijaipa kinga inaposhukia kwenye laini yenye deni.

Jumamosi 7 Desemba

Nimesoma habari za Afrika Kusini. Kuanzia 2012 ruzuku zao zililipwa na kampuni moja, na kampuni dada zake zikawauzia haohao wapokeaji mikopo, muda wa maongezi, umeme na bima ya mazishi, kisha zikakata kwenye akaunti za ruzuku. Akina mama wa Black Sash, chama kilichoanza 1955 kupinga ubaguzi, waliendesha kampeni wakikusanya taarifa za makato mpaka serikali ikabadili kanuni mwaka 2016. Kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2018 malipo yakaanza kuhamia Posta.

Marekani nako, tangu 2011 benki ikipokea amri ya kukamata akaunti hulazimika kwanza kutazama miezi miwili nyuma, na ruzuku ya serikali iliyoingia humo haiguswi. Ila kinga hiyo haigusi deni la benki yenyewe. Mlango huohuo wa kwetu, umeachwa wazi hata kwao.

Ninachokichukua kwa akina mama wale wa Afrika Kusini ni kazi yao ya kukusanya taarifa. Bila karatasi, bibi wa Dongobesh ni kisa kimoja tu cha kusikitisha.

Jumanne 10 Desemba

Bibi amerudi. Deni hakulikataa hata siku moja. "Walitusaidia usiku ule, nitalipa," alisema kupitia kwa mjukuu. "Ila wangeniachia ninunue mahindi kwanza." Nimeamua kuandika barua, na nimeianza kwa maneno yake hayo.

Tunaomba ruzuku ipite bila kukatwa, kwa kutambuliwa kwa namba ya mtumaji. Kama hilo litachukua muda, basi kikomo kama cha watumishi kiwekwe sasa hivi, na deni lilipwe kwa awamu kwa ridhaa ya mlengwa. Nakala ya kwanza TASAF, ya pili Benki Kuu, kwa kuwa Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za 2019 ziko chini yake.

Kijana ameinakili mistari ya jumbe zote mbili kwa mkono wake, tarehe na saa. Tumemtafutia bibi fomu ya NIDA. Kabla ya malipo yajayo nataka niwe nimepita Haydom na Endasak kwa wasaidizi wenzangu wa kisheria, kila mmoja aandike makato anayoletewa, tuambatanishe.