Saa za Leba Zisikutishe, Mwanangu

Mpendwa mwanangu,

 

Ujumbe wako nimeupata. Hospitali imekubali ujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida ingawa ulipasuliwa kwa mtoto wa kwanza, ila ukiingia leba utapewa saa chache tu, na zikiisha unapelekwa thieta. Nakujibu kama shangazi yako na kama mkunga mstaafu.

Saa hizo zina asili yake. Mwaka 1955 daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, alichora jinsi njia ya uzazi inavyofunguka wakati wa uchungu. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaongeza mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga ajue mapema mama gani apewe rufaa. Mchoro huo ndio patografu tuliyoijaza miaka yote, na imeokoa wengi. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa njia kufunguka sentimita moja kwa saa ni kasi ambayo baadhi ya wanawake hawaifikii, nao hujifungua salama. Kutoifikia kasi hiyo peke yake kusimpeleke mtu kwenye kisu.

Wewe una kovu, kwa hiyo uangalizi wako lazima uwe wa karibu zaidi. Kwa waliopasuliwa mara moja, mkato ukiwa wa chini na wa kulala, takriban watatu kati ya wanne wanaojaribu hufanikiwa. Mfuko wa uzazi huchanika kwa karibu mmoja kati ya 200. Ni wachache, ila ikitokea, dakika ni uhai, na uchungu uliosimama unaweza kuwa dalili yake. Ndiyo maana daktari anaangalia saa.

Basi muulize: saa zinahesabiwa tangu nifike, au tangu njia ifunguke sentimita tano? Nani atasikiliza mapigo ya mtoto? Thieta na damu vipo hata usiku? Ikiwa mapigo ni mazuri na njia inaendelea kufunguka, una haki ya kuomba upimwe tena na uelezwe sababu kabla ya kusaini. Lakini mapigo ya mtoto yakibadilika, damu ikitoka, au kovu likiuma hata uchungu ukiachia, kubali upasuaji papo hapo.

Usijifiche nyumbani ili kukwepa saa, wala usinywe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Nenda kliniki wiki hii pamoja na mumeo, mchukue na karatasi za upasuaji wa kwanza, mkubaliane na daktari mapema. Uchungu ukishaanza, si wakati wa majadiliano.

Akupendaye,
Shangazi yako