Kumbikumbi Wangu Hana Miaka Milioni 20

Wasee, leo nakuja na marekebisho. Mnakumbuka video ya kidani chenye kumbikumbi ndani, nikisema ni kaharabu ya miaka milioni 20? Niliwadanganya. Sikujua, lakini niliwadanganya.

Nilikinunua tao, nikaamini kila alichosema muuzaji, nikarekodi nikiwa bado kwa mathree ya Kangemi. Juzi usiku dadangu alikuwa anatoa kuteksi kando yangu, tone la asetoni likaangukia kidani. Palipoguswa pakaanza kunata. Kaharabu ya kweli hainati hivyo. Nikadunga nyuma na sindano ya moto: harufu ya ubani, si ya plastiki kuungua.

Kumbe ni sandarusi. Nayo ni utomvu wa mti uliokauka, ila ni changa. Kaharabu huchukua mamilioni ya miaka kukomaa ardhini. Sandarusi inaweza kuwa na miaka mia chache tu.

Nililia pesa yangu kwanza. Halafu nikaanza kusoma. Kaharabu maarufu ya Jamhuri ya Dominika, ile yenye wadudu na mijusi wa msitu wa mvua wa zamani sana, ilitoka kwa mti ambao ulishatoweka. Mwaka 1991 mwanasayansi George Poinar aliupa jina, Hymenaea protera. Na mti hai unaofanana nao zaidi hauko Amerika. Ni msandarusi wetu wa Pwani! Manze, sikuwahi hata kuusikia.

Karne ya 19 sandarusi ya Pwani ilipitia Unguja ikaenda hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Ile bora ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilishaisha.

Hapo ndipo iliniuma. Video ya mdudu mfu iliwavutia wengi kuliko ile niliyorekodi Msitu wa Ngong Road, ambako barabara ya Southern Bypass imepita katikati. Miti ile iko hai, na matatu inakufikisha karibu. Hata mimi nilimpenda mdudu zaidi.

Video siifuti, nimebadilisha kichwa tu. Nikipata nauli nashuka Pwani kuuona msandarusi wenyewe. Kama una nyanya Kwale au Kilifi, muulize unamea wapi, halafu niambie.